Safu ya Sababu

Kabla sijawa na nywila kuu, mimi nilikuwa mtu wa heshima. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu mengine yote nitakayoyasimulia hapa hayanisaidii.

Niliajiriwa na chama cha ushirika cha wafuga nyuki hapa Tabora, nishughulikie kompyuta. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya zamani ya sampuli za asali. Walitoa ndoo, wakaingiza meza, wakaniingiza na mimi, lakini harufu ya nta ilikataa kuhama. Nyuki nao hawakupewa taarifa. Kila asubuhi walikuja dirishani kuulizia mali yao, na wawili watatu walipenya ndani na kutembea juu ya kioo cha kompyuta huku nikisoma. Nilijifunza kusoma kwa kuwazunguka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa barua pepe. Aliyenitangulia alikuwa akipokea barua za chama kwenye anwani yake binafsi. Siku alipoacha kazi aliondoka na anwani yake kama mtu anavyoondoka na kofia yake, na barua zetu zikaenda nayo. Bodi ikakasirika, ikaamua tuwe na posta yetu wenyewe. Nikatafuta programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua ndani na kuirekebisha, na inayotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kushikana mkono. Nikaisimika. Barua zikaanza kwenda na kurudi, Tabora na matawini, na mimi nikaanza kutembea nikiwa nimekunja mikono ya shati.

Ilikuwa programu nzuri yenye kasoro moja: haikuwa na ukurasa wa msimamizi. Kila mpangilio, tangu jina la chama hadi ukubwa wa kiambatisho, uliandikwa katika faili moja refu la maandishi, na ukisahau mkato mmoja tu, posta nzima inalala. Mimi nilisahau mikato mingi. Jumanne moja nilikuwa naongeza neno "Ndugu" mbele ya jina la Katibu, nikazima barua za mkoa mzima mpaka saa sita mchana. Watu walipokuja kuuliza, nilitikisa kichwa kwa huzuni nikasema, "Mtandao." Nao wakatikisa vichwa vyao, wakarudi kazini. Mtandao ni mtu mwema sana. Hajawahi kujitetea.

Katibu wa chama alikuwa mzee mrefu, mpole, mvaaji wa kaunda suti, aliyeamini kwamba salamu ni nusu ya kazi. Siku moja akaniita.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Kaa. Hivi, mtu akituandikia barua akakaa siku mbili bila kujibiwa, anatuonaje?"

"Anaona hatuna adabu, Katibu."

"Basi nataka kompyuta iwe inaitika yenyewe. Barua ikifika tu, imsalimie mtu, imwambie imepokelewa."

"Barua zote?"

"Zote. Hapa hatubagui."

Kulikuwa na swali la pili ambalo mtu mwenye busara angeliuliza. Lakini mimi nikipewa amri iliyonyooka huwa nina tabia ya kuitekeleza ilivyo, nione itafika wapi. Tukaandika jibu. Katibu alitaka lianze na "Shikamoo," kwa kuwa kompyuta haijui umri wa mtu, na ni heri kumwamkia mtoto kuliko kumkosea mzee. Karani wa tawi letu la Bukene aliposikia kwamba Katibu ana jibu la kujiendesha, akataka na yeye. Huyu alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. La kwake aliniambia lianze hivi: "Marahaba, nimeipokea."

Nikaliweka kama alivyosema.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Katibu aliituma Bukene barua ya kuuliza idadi ya mizinga, akafunga ofisi akaenda zake. Kompyuta ya Bukene ikajibu: Marahaba, nimeipokea. Kompyuta ya Katibu ikaona barua mpya, ikaitika kama ilivyofundishwa: Shikamoo, nimepokea barua yako. Ile ya Bukene ikaona barua mpya. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Jumamosi nzima watu wako sokoni, Jumapili nzima Wakatoliki na Wamoravian wako makanisani wanaimba, zile mashine mbili ziliendelea kuamkiana bila hata moja kuuliza habari za nyumbani. Jumatatu asubuhi diski ilikuwa imejaa na posta imekufa.

Katibu alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia mstari baada ya mstari ukipita.

"Yaani mimi ndiye niliyekuwa namwamkia?"

"Ndiyo, Katibu."

"Kijana yule. Na yeye akawa anaitikia?"

"Kila mara. Hakuruka hata moja."

"Na kwa nini haikukoma?"

"Mtandao," nikasema.

Nilifuta salamu hizo asubuhi nzima, kisha nikawaandikia wale watu wa kujitolea nikieleza yaliyotupata. Akanijibu mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kazi ya programu ile. Alisema amecheka hadi kahawa yake ikamwagika, kisha akasema kosa ni lao, si letu: panapaswa kuwa na ukomo, mtu mmoja aitikiwe mara moja kwa siku basi. Akaongeza kwamba wanapanga kujenga ukurasa wa msimamizi, ili mambo haya yasikae tena kwenye lile faili la mikato, na wangependa mtu wa ofisi halisi awaandikie mapendekezo: msimamizi awe na uwezo wa kufanya nini, na asiwe na uwezo wa kufanya nini.

Siku hiyo nilitembea Tabora kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Dereva wa bajaji aliniuliza kama nimeoa.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Katibu. Alisikiliza kwa makini, akavua miwani.

"Vizuri sana. Andika hivi: Katibu awe na ufunguo wa kila sanduku la barua. Mimi ndiye mkuu wa ofisi. Siwezi kuwa mkuu wa nyumba ambayo vyumba vyake sivijui."

"Barua za kila mfanyakazi, Katibu?"

"Za kila mfanyakazi. Hatubagui."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo Katibu hakulijua. Ufunguo wa kila sanduku tayari ulikuwepo. Nilikuwa nao mimi. Ndiyo hiyo nywila kuu: niliiweka tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya matengenezo, na kwa mwezi wa kwanza niliitumia kwa matengenezo. Mwezi wa pili nilikuwa natengeneza sanduku la Mama wa Masijala, na jicho likateleza.

Mama wa Masijala alikuwa mkongwe kuliko samani za ofisi ile. Yeye ndiye aliyetunza majalada yote, barua zote za karatasi zilizoingia na kutoka, na kitabu kikubwa cha kuandikia nani kachukua faili gani. Jumapili aliimba sauti ya pili kanisani, na siku za kazi alituongoza sote kwa macho. Yeye na karani wa Bukene walikuwa watani, na tangu walipopata barua pepe walikuwa wakitaniana kila asubuhi kwa maandishi. Karani aliandika: "Nasikia umeshikwa na mafua. Tafadhali usife wiki hii, treni imejaa, sitapata nafasi ya kuja kuchukua sufuria zako." Mama akajibu: "Nikifa usije kabisa. Wali wa msiba umepangiwa watu, haukupangiwa wewe."

Nani angeacha? Nilikuwa nikifika kazini, naweka chai mezani, nafungua sanduku la Mama kama watu wengine wanavyofungua gazeti. Saa tatu kamili. Nilicheka peke yangu na nyuki wangu. Sikumwambia mtu, sikuchukua kitu, na nilijiambia kwamba jambo lisilomuumiza mtu si dhambi bali ni burudani.

Kisha nikaonja sanduku la Katibu. Huko nilikuta kitu ambacho sikukitegemea. Katika rasimu, yaani barua zilizoandikwa zikaachwa bila kutumwa, kulikuwa na barua ya kujiuzulu. Na nyingine. Na nyingine. Kila Ijumaa mzee yule aliandika barua ya kuacha kazi, kwa adabu zote, akaifunga, na Jumatatu akarudi. Hiyo haikunichekesha. Nilifunga, na nyuki mmoja akapita juu ya mkono wangu. Naliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia mbele ya watu wote siku tulipomuaga akistaafu, akawavunja mbavu.

Asubuhi moja katika siku hizo, nikiwa na chai yangu, nilisoma Mama anamwandikia mtani wake: "Ile chupa ya asali ya nyuki wadogo uliyonitumia nimeificha masijala, nyuma ya majalada ya zamani. Nitampa huyu kijana wetu wa kompyuta akija kuniomba. Amekonda."

Asali ya nyuki wadogo si ya kusimuliwa. Kufika saa nne nilikuwa mlangoni pa masijala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana, nimekuja kukusalimia tu. Hivi, Mama, nyuki wadogo wa kule Bukene wanaendeleaje siku hizi?"

Akaniangalia juu ya miwani kwa muda mrefu.

"Nani kakuambia habari za nyuki wa Bukene?"

"Aa, watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu, Mama."

Akainuka polepole, akaenda nyuma ya majalada ya zamani, akarudi na chupa. Akaiweka mezani. Ilikuwa gundi ya ofisi.

"Asali hakuna," akasema. "Gundi ipo. Unataka?"

Nilicheka, naye akacheka, nikarudi chumbani kwangu nikiwa nimeridhika kwamba sijagundulika. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na shahada.

Kwa hiyo Katibu alipodai ufunguo wake, nilirudi kwa yuleyule Mama kuomba ushauri, tena kwa uso mkavu. Nilimwambia Katibu anataka uwezo wa kusoma barua za watu, je, katika masijala jambo hili linaendaje?

Alifungua kile kitabu kikubwa, akanigeuzia.

"Mwanangu, barua ya siri ina mwenyewe. Lakini wakati mwingine mwenyewe amesafiri, au amelazwa, na barua ina jambo la haraka. Lazima ifunguliwe. Kufungua si tatizo. Tatizo ni kufungua kimya kimya. Hapa anayefungua anaandikwa: jina, siku, saa. Na mwenye barua akirudi, cha kwanza anaonyeshwa kitabu."

"Na mtu akikichana kitabu?"

"Kurasa zina namba."

Niliandika maneno yake yote. Niliona ni ujanja wa hali ya juu wa kumkomesha Katibu: apewe ufunguo, lakini kila akiutumia mwenye sanduku apate taarifa papo hapo, na kumbukumbu isifutike hata na msimamizi mwenyewe. Nikapeleka pendekezo kwa wale watu wa mbali. Walilipenda. Yule mama aliyeongoza akaandika sehemu hiyo ya programu kwa mikono yake, akaniomba niwe wa kwanza kuijaribu. Alinitumia na maelezo ya kurasa kadhaa. Nilisoma ukurasa wa kwanza.

Jumatatu saa nne nilimwita Katibu aje aone ufunguo wake ukiwashwa. Alikuja amevaa kaunda suti mpya. Nikabonyeza.

Kilichotokea kilikuwa kimeelezwa vizuri sana kwenye ukurasa wa tatu. Programu, ikiwashwa mara ya kwanza, inapekua kumbukumbu za zamani za mashine, inatafuta kila mara nywila kuu ilipotumika, na inamtumia kila mwenye sanduku taarifa zake zote za nyuma.

Simu ya Katibu ililia mfukoni. Ikalia tena, na tena. Chumba cha pili simu ya mtu ikalia. Kisha kutoka masijala nikasikia mlio mmoja, miwili, halafu mfululizo usiokatika, kama kengele ya baiskeli inayoteremka kilima.

Baada ya hapo nikasikia printa. Ilichapa kwa muda mrefu.

Mama wa Masijala aliingia na karatasi zake, akavaa miwani, akasimama katikati ya chumba, akasoma kwa ile sauti ya pili ya kwaya.

"Jumatatu, saa tatu na dakika mbili asubuhi, msimamizi alifungua sanduku lako. Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, msimamizi alifungua sanduku lako. Jumatano, saa tatu na dakika moja. Alhamisi..." Akainua macho. "Alhamisi alichelewa. Nadhani mvua ilinyesha."

Katibu alikuwa akiangalia simu yake. "Msimamizi ni nani?" akauliza.

Nilitafuta kwa macho mahali pa kupotelea. Hata mtandao haukuweza kunisaidia.

"Ni mimi, Katibu."

"Na mimi umenifungua. Mara tatu."

"Ndiyo, Katibu. Mara moja ilikuwa kuongeza 'Ndugu'."

"Na mbili?"

Nikawageukia nyuki wa dirishani. Uso wake ulibadilika, na niliona kwamba haogopi kwa ajili ya barua za kazi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ulifika kwenye rasimu?"

"Nilifika. Na sijamwambia mtu."

Alikaa kwenye kiti changu. Nilitegemea anifukuze, na angefanya hivyo angekuwa na haki. Nikamwomba radhi, kwanza yeye, kisha Mama, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuongeza neno la kuchekesha mwishoni. Katibu aliirudisha simu mfukoni. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, "Ule ufunguo wangu. Uzime. Sitaki kumfanyia mtu hivi nilivyofanyiwa."

"Na huyu?" Mama akauliza.

"Wewe unasemaje?"

"Huyu aandike."

Nikapelekwa masijala. Mama aliniwekea kile kitabu kikubwa, akanipa kalamu na zile karatasi zake, niandike kila ziara yangu kwa mkono. Kulikuwa na safu ya jina, ya siku, ya saa, na ya mwisho iliyoandikwa "Sababu." Ziara ya kwanza nikaandika: "Matengenezo." Akakubali. Ya pili nikaandika: "Ukaguzi." Akachukua rula, akakata mstari.

"Andika ukweli."

"Niandike nini, Mama?"

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikaandika: "Umbeya."

"Endelea."

Umbeya. Umbeya. Umbeya. Ukurasa ukajaa, nikafungua mwingine. Kuna siku moja niliandika "Umbeya na kucheka," akaniruhusu. Mchana alinitumia chapati mbili na chai, nikala nikiwa nimeinama kwenye kitabu, watu wakipita mlangoni kuangalia. Kiganja kiliniuma siku mbili. Kwa kweli naweza kusema kwamba hakuna semina ya usalama wa mtandao iliyowahi kunifundisha zaidi ya hapo.

Jioni ile nilibadilisha nywila kuu, nusu yake nikaichagua mimi, nusu akaichagua Mama, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Kesho yake nikapata barua kutoka Bukene, ya kwanza kuandikwa kwangu mwenyewe. "Nasikia umekuwa ukitusoma muda wote huo bila kuchangia hata neno," karani aliandika. "Kwetu huyo tunamwita mgeni anayekula bila kusalimia. Kuanzia leo jibu." Nikajibu. Nikakosea nikamtajia kwamba nilikulia Tura, stesheni tu na vumbi lake, na karani hajaniacha nipumue kuhusu Tura hadi leo.

Wale watu wa mbali niliwaandikia kila kitu, pamoja na aibu yangu, nikapendekeza jambo moja jipya: kabla msimamizi hajafungua sanduku la mtu, akute nafasi tupu inayomuuliza sababu, na sababu hiyo aione mwenye sanduku. Wakaitisha mkutano wa video kuijadili. Niliona si haki kuzungumzia kitabu cha mtu mwingine, kwa hiyo nikamwalika Mama akae pembeni yangu, mimi nikitafsiri. Alikuja na kitenge cha sikukuu na kile kitabu mapajani.

Kijana mmoja mwenye ndevu, huko aliko, alikuwa na wasiwasi. Alisema wazo ni zuri, lakini kumbukumbu zitajaa, kwa hiyo msimamizi awe na kitufe cha kuzisafisha. Nikamtafsiria Mama.

"Mwambie kitabu kikijaa, kinafungwa, kinawekwa kabatini, unaanza kingine," akasema. "Anayetaka kufuta kitabu, mwulize kwanza aliandikwa nini ndani yake."

Nikatafsiri. Yule kijana alishika ndevu zake, akasema hilo pengine ni kweli. Kitufe kikaondolewa kwenye mpango. Yule mama aliyeongoza akashukuru, akauliza kama mwenzangu ana pendekezo lolote jingine la ukurasa wa msimamizi kabla hawajafunga kikao.

Mama wa Masijala alisogea karibu na kioo, akafukuza nyuki mmoja kwa ncha ya kitenge, akakodoa macho.

"Waulize," akasema, "hizo herufi wanawaandikia sisimizi?"

Toleo lililofuata lilikuja na mpangilio wa ukubwa wa herufi.